Ribok, genge na fatwa ya mjomba

Kabla sijaondoka Johannesburg nilimtumia mjomba ujumbe wa sauti. Mjomba wangu ni maalim wa madrasa kule Lushoto, na katika ukoo wetu hakuna anayefanya jambo geni bila kumuuliza, hata kama nia ya kulifanya anayo tayari. Nikamwambia, "Mjomba, shikamoo. Nakwenda kuwinda paa wa milimani, ribok, kwa upinde. Naomba masharti ya nyama."

Kimya siku mbili. Siku ya tatu ikaingia sauti ya dakika tisa, majogoo wanawika nyuma, na katikati anamkatiza mtoto anayekosea kusoma. Mshale uchome kwa ncha yake. Ukiua kwa kugonga ubavu, huyo ni mzoga. Ukimkuta bado hai, mchinje. Ukimkuta majini, muache, maana hujui kilichomuua ni mshale au maji. Bismillahi kwetu Washafii ni sunna, "lakini usijifanye mjuzi, wewe sema." Kisha akavuta pumzi, akanisomea Suratul Maida, aya ya tatu, pale inapotaja aliyekufa kwa kuporomoka kutoka juu. "Si unakwenda milimani, mpwa wangu? Basi hilo ndilo litakalokutia adabu."

Nilicheka. Safari nzima ikaja kutawaliwa na sentensi hiyo.

Niseme kwanza kuhusu upinde, maana rafiki zangu wa nyumbani wakisikia upinde wanafikiri kipande cha mti na kamba. Wangu ni wa kapi, una magurudumu mawili kwenye ncha, nilinunua mtumba kwa fundi mwenzangu wa gereji aliyekuwa anahama mji. Kuuvuta ni pauni 60. Kapi zikishageuka, mkono unabaki umebeba kama pauni 12 tu, kwa hiyo unaweza kutulia ukiwa umevuta, ukalenga bila kutetemeka. Mshale wangu una gramu 29, na tulipoupima uwanjani ulikwenda mita 80 kwa sekunde. Inasikika kama kasi kubwa, hadi upige hesabu. Mnyama akiwa mita 40, mshale unahitaji nusu sekunde kumfikia. Mlio wa upote, yaani kamba ya upinde, unamfikia kwa thumni ya sekunde. Maana yake kabla ncha ya mshale haijagusa nywele, mnyama ameshasikia, na amebakiwa na zaidi ya theluthi ya sekunde ya kufanya uamuzi. Kwa paa wa milimani muda huo ni mwingi kupita kiasi.

Mazoezi nilifanyia ngazi za gereji. Milimani unapiga kwenda chini, na anayezoea uwanja tambarare hupitisha mshale juu ya mgongo. Kinachohesabika ni umbali wa usawa, kana kwamba unapima kwenye ramani, si urefu wa mstari kutoka jicho lako hadi kwa mnyama. Basi kila jioni nilipanda ghorofa ya pili, nikapiga gunia la matambara chini uani, vijana wa gereji wakishika vichwa.

Karatasi zilikuwa nafuu kuliko nilivyoogopa. Afrika Kusini upinde hauhesabiwi kuwa silaha ya moto, hivyo ile shughuli ya polisi na bunduki haikuhusu. Lakini mnyama ana karatasi zake. Kwetu Tanzania mnyamapori ni mali ya umma, Rais ndiye mdhamini. Hata akilala kwenye shamba lako la mahindi si wako. Huku, kwa sheria yao ya mwaka 1991 kuhusu wizi wa wanyamapori, mwenye shamba lenye uzio uliokubaliwa kisheria ana haki ya umiliki juu ya wanyama waliomo, kama wewe na mbuzi wako. Unalipa mwenye shamba, na mkoa nao una vibali vyake. Bei sitaitaja. Mke wangu husoma hapa.

Sikwenda moja kwa moja. Nilishuka barabara ya N3 hadi Mooi River, nikakata kuelekea Kamberg, kwenye milima ya Drakensberg, kwa sababu nilitaka kuona michoro ya wawindaji waliotangulia. Unapanda kwa miguu na mwongozaji hadi chini ya jabali waliloliita Game Pass. Pale jabalini amechorwa pofu, yule swala mkubwa, anayekufa, kichwa kimeinama, miguu ya nyuma imepishana. Nyuma yake mtu amemshika mkia, naye miguu yake imepishana vilevile. Watafiti wanaeleza kuwa si picha ya mawindo tu, bali ni mganga anayechota nguvu kwa mnyama anayekata roho. Mimi nilichokiona kwanza ni namna mchoraji alivyojua mnyama aliyepigwa mshale anavyosimama. Hilo hulijui mpaka umfuate. Na katika milima hiyo, baada ya pofu, swala anayechorwa sana ni huyuhuyu niliyekuwa namfuata, ribok.

Waafrikana, wale wazungu wa Afrika Kusini wanaozungumza Kiafrikana, humwita vaalribbok. Yupo Afrika Kusini, Lesotho na Eswatini tu, kwa hiyo Kiswahili hakina jina lake na sitamtungia. Ukitaka kumfahamu, angalia viatu vya Reebok, jina limetoka kwake. Ana uzito wa mbuzi wa wastani, shingo ndefu, masikio marefu, na manyoya ya kijivu laini kama ya sungura. Pua yake imevimba kama ya mtu mwenye mafua. Dume ana pembe mbili nyembamba zilizosimama wima kama sindano za kufumia. Akikimbia anainua mkia, weupe wa chini unawaka, na anabembea mbele nyuma kama kiti cha bembea.

Kutoka Kamberg nilipitia Kokstad, Mthatha, Komani, Cradock, siku mbili ndani ya pikapu ambayo kipasha joto chake hakifanyi kazi, mwezi wa saba. Nilifika shambani usiku, kwenye milima ya Sneeuberg juu ya Graaff-Reinet. Jina lake maana yake ni milima ya theluji, na sikuona sababu ya kulibisha.

Mwenye shamba ni mzee wa Kiafrikana. Kila mtu anamwita Oom, yaani mjomba, nikaona nimepata mjomba wa pili. Sharti lake lilikuwa fupi kuliko la Lushoto: damu ikimwagika umelipa, mnyama apatikane asipatikane. Aliniunganisha na mtu wake wa kusoma nyayo, mzee wa Kixhosa aliyefanya kazi pale tangu kijana. Nilimwita Tata, yaani baba, naye akaniita bhuti, yaani ndugu. Kizulu changu cha mtaani na Kixhosa chake vilielewana kiasi, na pale vilipokwama, neno la inyama lilitutosha wote wawili.

Oom alitaka pia kunipa tohe wa milimani, swala mwingine. Nilikataa, na tulibishana kidogo mezani. Tohe huyo tangu 2017 yumo kwenye orodha ya kimataifa ya walio hatarini kutoweka. Oom akasema, "Kwangu wapo tele, wanaopungua ni wa jirani." Huenda ni kweli. Mlima wake ulikuwa na tohe wengi kuliko nilivyotarajia, walikuwa wanapiga mluzi kila tulipopita. Ila kila mwenye shamba akisema hivyo, sijui huyo jirani anaishi wapi. Ribok naye hayuko salama sana, yumo kundi la wanaokaribia hatari, na hilo nililijua wakati nalipa. Sijidai kuwa nimetatua.

Siku ya kwanza tulikaa kumsubiri mbuzi mawe, ambaye si mbuzi bali ni paa mdogo wa majabalini. Huyu tunaye nyumbani, ila kwetu kaskazini mwa Tanzania hata jike huweza kuwa na pembe. Huku ni dume peke yake, kwa hiyo kumtambua ni rahisi. Mnyama wa ajabu. Anasimama kwenye ncha za kwato kabisa, kama bibi harusi aliyevaa viatu virefu, na anaweza kuweka miguu yote minne kwenye jiwe lenye ukubwa wa sahani. Nywele zake ni nene na zina uwazi ndani, zinang'oka ukizigusa tu. Zamani watu walijazia matandiko ya farasi. Wanaishi wawili wawili, dume na jike, mmoja akila mwingine anakaa zamu.

Tulikuwa nyuma ya jiwe tangu alfajiri. Nilijifunza siku hiyo kwamba uwindaji wa upinde milimani unafanywa kwa makalio zaidi ya mikono. Jua likafika kwenye mawe, pimbi wakatoka kuota joto, tai mweusi akapita chini yetu (chini yetu!), pimbi wakarudi ndani. Ndipo jike akatokea, kisha dume. Akapanda juu ya jiwe la mwisho, akasimama ubavu, akaanza kupaka ule utomvu mweusi wa jichoni kwenye kijiti, taratibu, kama mtu anayetia sahihi. Kipimaumbali kikasema mita 22. Hakuna upepo. Hakuna jani mbele. Nikavuta.

Na nyuma yake hapakuwa na kitu. Lilikuwa genge, ukingo wa jabali: hewa tupu, halafu bonde.

Mbuzi mawe akipigwa huruka. Akiruka kutoka jiwe lile, angetua mita 60 chini. Nikashikilia hadi bega likaanza kuwaka, nikisubiri ashuke upande wetu. Hakushuka. Nikaurudisha upinde polepole, kapi zikatoa mlio mdogo, jike akapiga mluzi wa puani, dume akaitikia, na wote wawili wakashuka ukuta ule kama maji.

Tata alinitazama kama mtu aliyemwona mwenzake akitupa mkate. Nikamweleza: dini, mjomba, genge. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo tunatafuta mnyama wa mlimani asiyekaa ukingoni. Huyo anaitwa ng'ombe."

Siku ya pili nyani walitubwekea kuanzia saa mbili asubuhi hadi tukaacha.

Siku ya tatu ndiyo niliyoharibu. Tulimwona dume la ribok na majike wanne kwenye mteremko wa nyasi, mbali na genge, mahali pazuri kabisa. Tulitambaa saa nzima juu ya vichaka vya Karoo, vile vifupi vinavyonukia na vinavyowapa kondoo wa huko ladha yao. Magoti yalitoboka. Nikapata nafasi: mita 41 kwa mstari wa jicho, na kwa ule mteremko usawa wake ni 34. Nilikuwa nimejiwekea mpaka wa mita 30 na niliujua. Nikajiambia 34 ni kama 30. Nikasema bismillahi, nikaachia. Hesabu ya mteremko ilikuwa sahihi, lengo lilikuwa sahihi. Lakini dume alisikia upote, akakunja miguu ili ajirushe, na mgongo ukashuka kiasi cha shubiri moja. Mshale ukapita pale alipokuwa, ukapasuka kwenye jiwe. Akakohoa mara mbili, kile kikohozi chao kikavu, na mikia mitano mieupe ikapanda mlima.

Tata aliokota ncha ya mshale, akaipeleka juani kuiangalia kama ina damu. Haikuwa nayo. "Oom hatakudai," akasema. Ndiyo faraja aliyokuwa nayo.

Usiku ule hatukuongea juu ya shabaha tena, tuliongea juu ya upepo. Wenyewe wanauita umoya, na masikioni mwangu neno hilo kila mara lilisikika kama moyo. Tata alinieleza kitu ambacho nilikisoma mara nyingi bila kukielewa. Usiku na alfajiri hewa ya baridi ni nzito, inashuka mlima kama maji. Jua likishapasha mteremko, hewa inageuka, inapanda. Ribok hulinda zaidi upande wa chini, ambako adui wengi hutokea, kwa hiyo inabidi umjie kutoka juu. Ukiwa juu yake alfajiri, harufu yako inamwagika hadi puani mwake. Kosa letu la siku zote tatu lilikuwa haraka. Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. Akasema sikumuuliza, nilikuwa nazungumza na kipimaumbali.

Siku ya nne tuliupanda mlima kwa mgongo wake, upande ambao hapakuwa na wanyama, gizani, umande umeganda hadi nyasi zinavunjika kwa kelele. Tukalala chali nyuma ya kilele bila kuchungulia. Jua likatoka, hatukuchungulia. Kila baada ya muda niliminya kichupa cha poda ya kupimia upepo: ile poda ikashuka, ikashuka, ikaning'inia. Ilipokaribia saa tatu asubuhi ikainuka usoni mwangu, nikapiga chafya ndani ya kofia. Tata akanigonga kisigino, akajitenga na darubini kwenda kwenye mwinuko wa pembeni, nami nikaanza kushuka peke yangu.

Walikuwa kwenye bega la mlima lenye nyasi, dume na majike watano. Ukingo wa genge ulikuwa hatua kama 80 kushoto. Nilisita juu ya hizo 80. Nikaziona zinatosha. Jike mmoja aliinua kichwa, akaniangalia hadi shingo yangu ikakakamaa, akarudi kula. Dume akasogea, akaweka mguu wa mbele mbele, pale mbavu zinapofunguka. Mita 27. Nikavuta. Midomo yangu ilikuwa imegusa upote, hivyo bismillahi ilitoka bila sauti, na sijui kama malaika wanasoma midomo. Nikaachia.

Mlio ulikuwa ule wa kugonga tikiti. Dume akaruka, akakimbia, na kati ya pande zote nne za dunia alizopewa akachagua kushoto. Nikamwona anapungua, hatua 30, 50, 70, kisha mgongo wa nyasi ukamficha.

Kanuni ni kusubiri nusu saa. Mnyama aliyepigwa, asipofuatwa, hulala karibu. Akifuatwa hukimbia hadi roho imtoke mbali. Nusu saa ile niliitumia kumfikiria mjomba. Mshale niliukuta umechomeka ardhini, umepita ndani kwa ndani, damu nyepesi nyekundu yenye povu. Povu maana yake mapafu. Nikafuata matone hadi ukingoni. Damu ikafika kwenye mdomo wa genge na kuishia hapo.

Nilichungulia. Alikuwa kama mita nne chini, kwenye kibao cha jiwe, amelala ubavu, pua yake ya mafua imeelekea bondeni.

Tata alifika akihema. Nikakaa chini. Nikamwambia basi, imeharibika, ameporomoka. Akaniuliza nani amesema. Akanielekeza kwa kidole, mahali hadi mahali: alifika hapa, akasimama, akakaa kitako kama mbwa, akalala, miguu ikapiga, ikatulia. "Nikahesabu, nikawasha kiko. Kiko kilipowaka ndipo mzigo ukateleza, kwa sababu ya umande." Na kweli, juu ya ukingo palikuwa na nyasi zilizolaliwa, na dimbwi la damu lenye upana wa sahani, barafu inayeyuka pembeni yake. Mnyama anayeanguka akikimbia haachi dimbwi.

Tulimtoa kwa kamba. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, na manyoya yake yalishika mikono kama pamba. Mtandao ulipatikana tu kwenye kinu cha upepo cha kuvutia maji, kilomita tatu. Nilisimama pale mikono ina damu, nikamtumia mjomba maelezo yote, na picha ya lile dimbwi.

Safari hii alijibu baada ya dakika kumi. Maswali matatu. Mshale umepita wapi? Mapafu yote mawili. Roho ilitoka kabla ya kuteleza au baada? Kabla. Nani ameona? Nikampa Tata simu, aseme mwenyewe. Akazungumza Kixhosa dakika nzima, kwa mkono na kwa kiko, mbele ya simu isiyo na picha. Mjomba hakuelewa hata neno, lakini alisema ameridhika na sauti yake. "Aliyemuua ni mshale. Mwili ulioteleza ulikwisha kufa. Kula, na shahidi wako mpe paja."

Paja Tata alishalichukua, pamoja na kichwa na matumbo, kama tulivyopatana tangu mwanzo.

Nyama niliifikisha Johannesburg ndani ya sanduku la barafu, nusu nikaikausha kwa chumvi, siki na giligilani kama wafanyavyo wenyeji, nusu tukaichoma Jumapili uani kwa gereji. Ni kavu kuliko mbuzi na inataka mafuta. Waliokuja walikula hadi mifupa, isipokuwa jirani yetu mmoja kutoka Pangani, ambaye alisikiliza hadithi yote, akatazama picha ya ukingo kwa makini, akavuta sahani ya kachumbari, na kusema yeye atasubiri fatwa ya pili.